Mbaazi Kumi na Moja Kando ya Chungu

Iko Krismasi moja ambayo kila nikiikumbuka naona haya kidogo, halafu nacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeoa miaka miwili tu, na niliamini hakuna kitu kilichoandikwa kitabuni ambacho mimi siwezi kukifanya. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu juzi uliniomba kile chungu changu cha chuma ukapike bata mzinga mzima, na kabla sijamaliza kukujibu ulikuwa umeshawatangazia watu wote kwenye simu. Chungu nitakupa. Lakini kwanza kaa usikilize.

Wakati huo nilikuwa natengeneza mashine za kusaga unga hapa Matiliku. Sikusoma mbali. Nilijifunza kwa kufungua mashine, kuchora kila kipande na kusoma kila karatasi iliyonifikia. Kazi niliijua. Tatizo langu lilikuwa mdomo. Nilipopanga kujenga tangi la kuvuna maji ya mvua, nilichora mchoro mzuri, nikauonyesha kanisani, sokoni, hata kwa wakwe zangu. Mwaka mzima ukapita. Tangi likabaki msingi wa mawe ambamo kuku walioga vumbi.

Baba mkwe wangu, Mzee Nzioka, aliuona msingi ule siku moja akipita kwenda mnada wa mbuzi. Hakuingia ndani. Alimwambia binti yake, mke wangu Ndinda, wakiwa pale pale njiani: "Siku kitu kimoja kitakapomalizika hapa, mniite nije nile." Tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu. Na huku kwetu unajua, mzee akikataa kula kwa mkwe wake, hilo si jambo la mchezo. Ndinda hakunilaumu. Ila alianza kwenda kwao peke yake, na akirudi hakusimulia chochote.

Nilikuwa na bata mzinga niliyemlea tangu kifaranga. Katika kitabu kikuukuu cha mapishi nilikuwa nimesoma namna ya kumwoka mzima ndani ya chungu cha chuma, bila kumkata hata bawa. Huku kwetu ndege hukatwa vipande akachemshwa, kwa hiyo niliona hii ndiyo nafasi yangu. Nikatuma salamu kwa wakwe, ng'ambo ya mto: Krismasi hii kuna kitu kitamalizika, Mzee aje ale. Jibu likaja kwamba atakuja, ila saa tisa kamili ataondoka akafungie mbuzi wake.

Chungu chenyewe kilikuwa cha Susu Kamene, dada ya nyanya yangu, ambaye naye tulimwita susu, yaani nyanya. Alikuwa amewapikia mainjinia wa barabara miaka mingi, na walipohama wakamwachia. Ni hiki hiki unachokitaka: chuma kizito, miguu mitatu mifupi, na kifuniko chenye ukingo ulioinuka ili makaa yakae juu bila kumwagika. Alinipa kwa sharti moja.

"Ukishafunika, umefunika. Usifunue mpaka saa zako ziishe."

"Nimeelewa, Susu."

"Umesikia," akasema. "Kuelewa tutaona."

Sitakudanganya, mwanangu, maandalizi yangu yalikuwa safi. Ndege alikuwa na kilo tano na nusu baada ya kunyonyolewa. Nilimlaza usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya chumvi, asubuhi nikampangusa hadi akakauka, nikampaka siagi iliyopondwa na vitunguu saumu na majani ya rosemari ya kwenye ua. Nilimpima chunguni kabla ya kuwasha moto, kifuniko kikakaa sawa. Chini nilitandaza vitunguu na karoti ili mgongo usishike. Makaa ya mgunga, manane chini na kumi na sita juu, mengine yakiwaka pembeni ya kubadilishia. Saa tatu za moto. Nilifunika saa tano asubuhi, nikaandika kwenye daftari.

Ndipo watu wakaanza kutoka kanisani.

Wa kwanza alikuwa binamu yangu Kioko. "Wee, nasikia umefungia mbuzi mwenye mabawa humo. Hebu tuone!" Nikachukua chuma changu cha kufunulia, nikainua kifuniko na makaa yake, nikakiweka chini kwenye vumbi. Akapiga mluzi. Nilifurahi sana. Akaja mwalimu wa shule ya Jumapili na mke wake, nikafunua. Wakaja majirani watatu, nikafunua. Akaja mama mmoja aliyekwisha kuona, lakini sasa alikuwa na dada yake. "Huyu hajaona," akasema. Nikafunua, na kwa wengine waliofuata sikuhesabu tena.

Mzee Nzioka alifika saa sita na nusu na mdogo wake. Akapewa kiti kivulini, akanisalimia kwa neno moja: "Kijana." Nikamwambia, "Baba, njoo uone." Akajibu, "Mimi nimeitwa kula." Hata hivyo nilifunua, ili aone kutoka pale alipokaa.

Muda wote huo Susu Kamene alikuwa kwenye mkeka karibu na moto, anatoa mbaazi kwenye maganda.

Saa nane kamili nikafunua, safari hii kwa haki yangu. Ngozi ilikuwa ya hudhurungi, inang'aa. Watu wakashangilia. Nikatia kisu kwenye paja, pale linapoungana na mwili, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu.

Nilikiangalia kisu, nikaliangalia daftari. Hesabu ilikuwa sawa. Susu akanivuta suruali, akanionyesha jiwe bapa kando yake. Juu yake alikuwa amepanga mbaazi kumi na moja kwenye mstari.

"Hizi ni nini?" nikauliza.

"Ni wewe. Kila ulipofunua kabla ya saa yako niliweka moja. Kitabu kilikwambia saa tatu za moto. Wewe umempa moto na upepo."

Nikainama nikamnong'oneza: "Kifua kimeiva. Nitamkatia Mzee kifua. Mapaja tuyarudishe motoni polepole, hatajua."

"Na akiomba paja utamwambia nini? Kwamba utalimaliza kesho?"

Alisema kwa upole, mwanangu, na hakuutaja ule msingi wa tangi. Ulikuwa nyuma yake tu, na kuku ndani.

Nikafunika chungu, nikasimama mbele ya baba mkwe wangu. Watu wote walikuwa wameshika sahani. Mke wangu alikuwa mlangoni na maji ya kunawa, akasimama hapo hapo. Nikasema, "Baba, nyama haijaiva. Moto ulikuwa wa kutosha. Ni mimi niliyefunua ovyo ili nionyeshe watu."

Hakuna aliyecheka. Mzee akaliangalia jua.

"Inataka muda gani?"

"Saa moja na nusu, ikiwa imefunikwa."

"Hiyo ni saa tisa na nusu."

"Ndiyo, Baba."

Akamgeukia mdogo wake. "Tangulia wewe. Fungia mbuzi." Akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya chungu, akaninyooshea mkono. "Lete hicho chuma cha kufunulia." Nikampa, akakilaza juu ya magoti yake kama askari wa lango.

Ndinda alikuwa amekaanga firigisi, ambayo ni haki ya mzee, akamletea kwenye kisahani. "Iweke pale," akasema. "Nitaila pamoja na ndege mwenyewe."

Kioko akarudi na mgeni mwingine. "Mzee, hebu huyu naye aone."

"Ataona kwenye sahani kama wengine."

Nilikaa kando yake nikibadilisha makaa ya chini na kuongeza ya juu. Kila nusu saa nilishika mpini na kuzungusha chungu robo ya duara, ili moto usikae upande mmoja. Aliniuliza kwa nini, nikamweleza. Aliniuliza habari za mashine za unga. Mwishowe akauliza tangi limebakiza nini. Kichwani nilikuwa na hotuba nzima. Nikajibu, "Mistari mitano ya mawe, na lipu ya saruji," nikafunga mdomo.

Saa tisa na nusu alisimama, akanirudishia kile chuma. "Sasa fungua, muthoni."

Muthoni ni mkwe kwa lugha yetu. Hakuwahi kuniita hivyo.

Paja liliachana na mfupa bila kuvutwa. Mzee alikula firigisi, akala paja, akaomba mchuzi wa chini wenye vitunguu aumiminie wali. Kisha akamwita Ndinda aketi karibu naye. Waliongea nini sijui, sikwenda kusikiliza.

Tangi nililimaliza Agosti iliyofuata. Sikumwita mtu. Mvua za Oktoba zikalijaza, na Krismasi ilipofika Mzee Nzioka alilipita akielekea kwenye kiti chake, akarudi hatua mbili, akafungua mfereji, akakinga maji kwa kiganja na kunywa.

Basi, mwanangu, chukua chungu. Fuata hesabu niliyokuandikia, na ukishafunika, weka simu ndani ya nyumba. Watakuja wa kukuambia hebu tuone, na wengi watakuwa wanakupenda kweli. Wape chai. Kazi yako yoyote, iwe nyumba, masomo au ndoa changa, iache ipate moto wake ikiwa imefunikwa, na watu wakutane nayo mezani. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, liseme kosa lako kabla ya kugawa sahani. Mtu aliyeambiwa ukweli akiwa na njaa anaweza kukungoja. Aliyelishwa nyama mbichi hatarudi.

Mungu aubariki moto wako na mikono yako. Akupe wakwe wa kukaa nawe kando ya chungu, na awape subira ya kukungoja. Kifuniko kina ufa mdogo upande wa mpini. Kishike kwa mikono miwili.