Jina la Mama Marthe, Mstari wa Kwanza

Watu wa Kabondo, mtaa wa Kisangani, wakimwona Timothée anaingia uani kwao na mfuko wa kompyuta begani, wanajua kilichomleta, na hakuna anayemkaribisha kwa kicheko. Timothée anatangaza vifo. Kwa miaka tisa alikuwa akipiga chapa matangazo ya misiba katika redio moja ya mjini: familia inaleta karatasi, yeye ananyoosha Kifaransa chake, msomaji anaisoma mchana. Baadaye akaona kwamba nusu ya watu wanaotakiwa kusikia hawako tena mahali redio inapofika. Wako Ubelgiji, wako Afrika Kusini, wako Kanada wanachota theluji kwa koleo. Basi akafungua tovuti yake ndogo, ya misiba ya Kisangani tu. Wenzake walimcheka sana. Waliacha kucheka siku misiba ilipoingia nyumbani kwao.

Aliyemtia katika mambo ya mitambo midogo ya kutafutia habari mtandaoni ni dada yake mdogo, Déborah. Huyu anaishi Ufaransa, anahudumia wazee katika nyumba ya kuwalelea, na kompyuta yake ya mkono wa pili ukiifungua haileti Google. Inaleta mtambo mwingine, ambao Timothée alikuwa akiusikia kwa mbali tu, kama habari za shemeji aliyehamia Opala.

"Yaya, site yako huku haionekane," Déborah alimwambia kaka yake kwa simu. "Naandika matanga Kisangani, inaniletea mahoteli."

Maneno hayo yalimuuma. Akaanza kuchunguza, na akagundua kitu kilichompa moyo. Kwenye Google alikuwa anashindana na magazeti na kurasa zenye wafuasi elfu hamsini. Pale hata angelia asingesikika. Lakini kwenye ile mitambo isiyo na jina kubwa foleni ni fupi, na mtu akijipanga vizuri anafika mbele. Akajipanga. Kichwa cha kila ukurasa kikaanza na majina kamili ya marehemu, kisha kijiji alikotoka. Picha zilizokuwa zimebaki na namba zilizopewa na simu akazipa majina ya watu wenyewe, akazipunguza uzito ili zifunguke hata mtandao ukisuasua. Akaiandikisha tovuti kwenye mitambo hiyo mmoja mmoja, akaipelekea orodha ya kurasa zote. Mwisho akaweka kitu alichojivunia kuliko vyote: kila akichapisha tangazo, tovuti yenyewe inaupigia mtambo hodi palepale, njoo uchukue. Google ingeweza kukaa siku mbili tatu bila kuja. Ule mtambo wa Déborah ulikuja kabla chai haijapoa.

Mama yao, mama Marthe Lifoli, alikufa Jumatatu alfajiri, kwa presha, akiwa na miaka sitini na tisa. Kufika saa nne asubuhi Timothée alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta. Wengine wanalia kwa sauti, wengine wanajitupa chini. Yeye mikono yake inajua kazi moja. Aliandika majina ya mama yake, akaandika Yanonge, kijiji chake, akachagua ile picha ya kitenge cha kijani, akaandika kwamba familia inasikitika, akabonyeza. Ndivyo alivyolia.

Saa nane mchana familia ikakaa. Aliyeongoza ni tonton Augustin, kaka wa marehemu, na neno lake la kwanza lilikuwa Déborah. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka, na safari hii daktari alimwamuru asiondoke kitandani.

"Déborah asijue," alisema tonton Augustin. "Habari ya kifo haipelekwe na simu. Mutu anaambiwa akiwa amekaa chini, na batu ya kumushika. Kule iko yeye na bwana yake tu. Donc tutangoja azale, halafu tutatuma tante Fanny amuambie mu macho. Sasa akiuliza, mama ameenda Yanonge, na kule réseau haiko. Ni sawa?"

Wote wakaitikia: mama yuko kijijini, mtandao hakuna. Timothée naye akaitikia. Hapo ndipo ninapomkasirikia. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja amekaa katikati ya wajomba zake, anajua alichofanya asubuhi, na anatazama vidole vya miguu.

Kikao kilipokwisha alikimbilia chumbani akaufuta ukurasa. Google haikuwa imeona chochote. Kwenye ule mtambo mwingine aliandika jina la mama yake, na jina likaja, la kwanza kabisa, kama alivyolifundisha kuja. Ukibonyeza, unaambiwa ukurasa haupo. Lakini chini ya jina mtambo ulikuwa umehifadhi mistari miwili: familia Lifoli inawatangazia kwa masikitiko makubwa kifo cha mama yao mpendwa. Pembeni, kapicha kadogo, kitenge cha kijani.

Akajaza fomu ya kuomba mistari ile ifutwe. Akajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Siku ya pili akajaza nyingine, siku ya tatu nyingine. Katikati akaandika harakaharaka kurasa za akina Marthe wengine, Marthe wa kwaya, Marthe mshona nguo, ili wamfunike mama yake. Wote wakaja wakapanga mstari chini ya mama, kwa heshima. Alijua njia nyingi za kupandisha kitu. Kukizamisha hakuna aliyewahi kumfundisha.

Mama akazikwa Jumatano. Kila siku baada ya chakula cha mchana Déborah alipiga simu, na tante Fanny, mdogo wake marehemu, alikuwa akitoka mbio chini ya hema la matanga, anapita nyuma ya nyumba mbali na nyimbo, anapangusa uso kana kwamba Déborah angemwona, ndipo anapokea. Mama iko Yanonge, réseau haiko. Déborah anajibu sawa, tante, anasalimia wote, anakata. Familia inashusha pumzi. Timothée peke yake ndiye aliyekuwa hapumui, kwa sababu yeye peke yake alijua kwamba yule mgonjwa analala na kompyuta karibu yake, na kwamba herufi chache tu zinamtenganisha na habari.

Ijumaa alishindwa. Aliona heri Déborah asikie kwa sauti ya ndugu kuliko kuisoma kwenye kioo. Akatoka matangani, akaingia kiwanja cha shule ya jirani, wanafunzi wamekwisha kurudi makwao, akapiga.

"Déborah, iko mutu pembeni yako?"

Upande wa pili kitanda kikalia, mtu anajiinua kukaa.

"Yaya," Déborah akasema, "nilisha kuona. Tangu mardi."

Tangu Jumanne! Timothée akakaa palepale, kwenye ngazi ya darasa.

"Mama hakushika simu lundi, na mardi hakushika," Déborah aliendelea. "Sisi wote wa huku tunafanya vile. Mama ya mutu asiposhika simu, tunaangalia kwanza kwa site yako. Nikaandika jina yake. Akakuja wa kwanza."

"Unisamehe."

"Nikusamehe nini? Ulifanya kazi yako muzuri." Hapo wakalia, kila mmoja upande wake.

"Mbona haukuambia tante?" Timothée akauliza mwishowe.

"Tante analia, anapanguza sauti, halafu anakuja kunidanganya. Niliona kazi yake iko nguvu kupita yangu. Usibaambie, yaya. Bakijua, batalia kwa simu kila siku, na mimi nitalia, na huyu mutoto sitaki atoke. Acha baendelee. Tante akisema mama iko Yanonge, ata mimi, kwa dakika mbili, namuona iko Yanonge." Akavuta kamasi. "Na ile mistari mbili na ka-photo, usitoshe, iache pale. Asubuhi naandika jina, mama anakuja, namuangalia, nafunga. Ile njo matanga yangu."

Timothée akaahidi. Hakuwa na uso wa kumwambia habari za fomu. Aliporudi nyumbani akaandika ombi la nne, akisihi yale matatu yasifuatwe. Akajibiwa kwa maneno yaleyale: ombi limepokelewa.

Jumapili asubuhi aliandika jina la mama yake, akaletewa wale akina Marthe wa kubuni, mwanakwaya na mshonaji, wamekaa mbele. Mistari imefutwa, na picha pia. Kazi safi. Angeweza kulirudisha tangazo, na kwa dakika tano lingekuwa juu tena. Lakini sasa habari ya msiba ilikuwa imeanza kutembea, jamaa wa nje wangepitia pale, na wa kwanza kuliona angempigia Déborah kumpa pole. Kufika jioni Kabondo nzima ingejua kwamba anajua.

Mchana simu ikalia. Safari hii sauti ilimkataa tante Fanny kabisa, akamsukumia Timothée simu. Tonton Augustin akaweka kidole mdomoni. Wengine wakasogea kumsikiliza Timothée.

"Yaya," Déborah alisema, "leo asubuhi sikumuona."

"Najua. Réseau imekatika," Timothée akajibu, na wajomba wakatikisa vichwa kwa kuridhika. "Hairudie tena."

Akasikia kompyuta inafungwa.

"Bon. Alors uniambie wewe. Mama iko namna gani kule Yanonge?"

Mama yao alikuwa amebakiwa na mahali pamoja tu, ile Yanonge ya uongo, na aliyeulizwa habari zake ni yeye.

"Iko muzuri," Timothée akasema. "Asubuhi ameshuka kwa mto kununua samaki mubichi. Amegombana na muuzaji, unamujua mama. Sasa amekaa kwa barza, anachambua majani ya pondu, viatu ametosha kwa miguu. Anauliza kama mutoto iko anacheza kwa tumbo."

"Umuambie anacheza. Anapiga mateke sana."

"Nitamuambia."

Akairudisha simu kwa tante Fanny. Tonton Augustin akamshika bega, akamwambia amesema vizuri sana, Déborah hajajua kitu.