Kibao cha Keziah Godbold

Avril Kerridge hakuwahi kumwamini mtu aliyefungua mlango haraka. Wala aliyechelewa kuufungua. Alisoma mita za umeme katika vijiji vya Suffolk, Uingereza, tangu usichana wake mpaka goti lilipomkatalia, na kazi ile ilimfundisha kwamba kila nyumba ina kabati moja ambalo mwenyewe hapendi ulifungue. Akiingia kwa mtu, kwanza alisikiliza. Friji ikinguruma na huku gurudumu la mita limetulia tuli, alijua pana mkono wa mtu hapo. Hakugomba. Aliomba chai, akakaa, akamtazama mwenye nyumba mpaka mwenyewe akaanza kueleza mambo ambayo hakuulizwa.

Sasa mtu wa namna hiyo, ukimpa habari ya ukoo wake, unadhani ataipokea hivi hivi tu?

Na habari yenyewe alipewa mapema. Avril alizaliwa katika ukoo wa Godbold, na pale kijijini Brettisham akina Godbold ndio waliokuwa na kilabu cha pombe enzi za mishumaa, kilichoitwa Mganda wa Ngano kwa fungu la ngano lililochorwa kwenye kibao chake. Ilisemwa kwamba bibi wa babu yake, mjane aliyeitwa Keziah, alimtilia sumu mchuuzi wa sindano na nyuzi aliyekuwa akipita kijijini, akachukua mkoba wake. Aliyeiandika ni mwalimu mmoja wa shule, marehemu siku nyingi, katika kijitabu cha historia ya kijiji, lakini utani ulikuwapo kabla ya kijitabu. Ukimiminiwa kinywaji na mtu wa ukoo ule, ulitakiwa useme, "Onja wewe kwanza." Waliyasema hayo shuleni. Wakayasema harusini kwake. Siku ya mazishi ya mama yake, Avril akiwa ameshika birika na macho yamevimba, Clive Thurtle alinyoosha kikombe akasema vilevile, na waombolezaji wakacheka chini chini.

Avril naye alicheka. Lakini neno lile aliliweka.

Clive alikuwa mkulima mstaafu, mwenye shamba lililopakana na kanisa. Ng'ombe aliwauza, na ghala la baba zake akaligeuza vyumba vya kulaza wageni wa kutoka London. Kwa hiyo wakati kilabu kilipofungwa na wanakijiji wakachanga fedha wakakinunua wenyewe, Clive aliingia kwenye kamati, na wazo lake lilikuwa tayari. Kilabu kiache jina la zamani, kiitwe Kikombe cha Keziah. Juu ya mlango kitundikwe kibao kipya: bibi mwenye pua ndefu akimimina bia, na fuvu linaelea juu ya povu.

"Wageni wanapenda vitu hivyo," alimwambia Avril walipokutana nje ya duka la kijiji. "Wanapiga picha, wanaingia, wanakunywa. Huoni fahari? Bibi yako atakuwa mtu maarufu."

"Na bibi yako wewe tumchore wapi?"

"Bibi yangu hakuua mtu, mama."

"Umejuaje?"

Clive akacheka. Ila alicheka huku akitazama viatu vyake, na katika maisha yake yote ya kazi Avril alikuwa hajakutana na mtu aliyecheka na viatu vyake bila sababu.

Jioni ile alimweleza mumewe, Desmond, fundi wa mabasi aliyestaafu, mtu asiyependa maneno mengi wakati wa kula.

"Mkutano wa kuamua jina ni mwezi ujao," Avril alisema. "Kama aliua, nitanyamaza, wamtundike. Kama hakuua, sitaki kuliona lile fuvu kila ninapokwenda kununua maziwa."

"Na usipopata kitu?"

"Hakuna mtu asiyeacha kitu."

Basi akaanza kwenda mjini, kwenye nyumba ya nyaraka za kale, na chakula chake kwenye mfuko. Rejesta za kanisa zikampa Keziah bibi harusi, kisha Keziah mjane. Sensa ikampa Keziah muuza pombe, mama wa watoto wanne. Karatasi za mahakimu zikaonyesha kwamba leseni ya kilabu ilikwenda kuombwa upya mwaka hadi mwaka, na Keziah alipewa kila mara. Mwingine angefurahi. Avril alishuku. Mwanamke anayesemwa ameua anapewaje leseni? Ama hakimu naye alikuwa mteja?

Halafu akalipata gazeti la mwaka 1853, na tangazo lenyewe fupi, lilelile alilolinakili mwalimu: uchunguzi umefanyika Mganda wa Ngano, nyumbani kwa Keziah Godbold, juu ya maiti ya Amos Marsh, mchuuzi, aliyekufa kwa sumu.

Alilisoma, akalinakili neno kwa neno. Kwa hiyo ni kweli.

Lakini mazoea hayamwachi mtu. Zamani Avril akigundua mita imechezewa, hakuishia kwenye mwezi ule. Alirudi nyuma kutafuta miezi mingine. Ndivyo alivyofanya. Akaendelea kufungua magazeti, mbele na nyuma ya mwaka ule, akitafuta Mganda wa Ngano. Aliporudi nyumbani uso ulikuwa umempauka.

"Desmond, hakuwa mmoja."

"Nani?"

"Waliokufa kwa Keziah. Mwanamke wa kufua nguo. Mtoto mchanga. Mpiga kengele wa kanisa. Wengine nimeacha hata kuwaandika. Wote uchunguzi wao Mganda wa Ngano."

Desmond aliacha kutafuna. "Wote kwa sumu?"

"Hawakusema hivyo. Mfua nguo wanasema alizama mtoni. Mpiga kengele alianguka kwenye ngazi ya kengele. Kuna kijana mchunga kondoo, yeye alipigwa na radi."

"Radi."

"Ndivyo walivyoandika."

Desmond akaweka uma chini taratibu. "Kwa hiyo huyu bibi yako alimtilia mtu radi kwenye bia."

Avril hakucheka. Alikuwa ametazama mchuzi kwenye sahani yake kama anayesoma mita. Mto hauko karibu na kilabu, hata kidogo. Na ngazi ya kengele iko ndani ya kanisa.

"Aliyezama mtoni alifikaje kwa Keziah?" akauliza.

"Alibebwa, mke wangu. Atembee amekufa?"

Kesho yake alikuwa mlangoni mjini kabla hawajafungua. Safari hii hakumtafuta Keziah. Alitafuta vilabu vya vijiji jirani, vilivyokuwa mikononi mwa watu asiowajua, na kila alipotazama alikuta maiti. Kila kilabu kina zake. Ndipo alipoelewa. Siku zile kijijini hapakuwa na mahali pa kuhifadhi maiti. Mtu akifa kifo cha ghafla alibebwa hadi kilabuni, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na meza ndefu na chumba cha mapipa chenye baridi, na nafasi ya kutosha kwa wajumbe wa baraza la kuchunguza vifo, maana ilibidi wajumbe wauone mwili kwa macho yao kabla hawajakaa kutoa uamuzi. Gazeti lilitaja nyumba waliyokaa wajumbe. Halikutaja nyumba aliyofia mtu. Mwalimu alikosea kusoma, kama alivyokosea Avril mwenyewe jana yake, na kijiji kizima kikawa kimeona utani wao umeandikwa.

Sasa ikabaki moja: Amos Marsh alifia wapi?

Jibu lilikuwa kwenye gazeti la mji mwingine, ambalo liliandika kesi yote kwa urefu. Vibarua walimkuta mchuuzi amekufa kwenye majani makavu, ndani ya ghala la Bwana Josiah Thurtle, alikoomba kulala.

Avril alirudia mstari ule. Ghala la Thurtle. Vyumba vya wageni vya Clive. Akavikumbuka vile viatu vilivyotazamwa nje ya duka, akajiambia: huyu anajua, na amejua siku zote.

Lakini chini kidogo palikuwa na mstari mwingine. Keziah Godbold aliapa kwamba mchana wa siku ile marehemu alikunywa painti moja ya bia kilabuni kwake, akaondoka kwa miguu yake, mzima. Na wajumbe walimaliza kwa kusema kwamba tumboni mlikutwa sumu ya panya, na namna ilivyoingia haijulikani.

Aliufunika mstari ule kwa kiganja. Angeukata tu, ukurasa ungesomeka vizuri sana. Nani angejua? Akafikiri, akajijibu mwenyewe: Clive angejua. Angepanda gari siku ya pili yake aje autafute, kama ambavyo yeye Avril angefanya. Akatoa kiganja, akanakili yote.

Siku ya mkutano kilabu kilijaa, kinanuka rangi mpya, na meza ndefu ilikuwa na soseji zilizoviringwa kwa unga na vitunguu vya siki. Mwenyekiti alikuwa Hilary Catchpole, muuguzi wa zamani, mwanamke wa haraka haraka.

"Avril, dakika tano. Usituletee sensa yote ya Uingereza."

Watu wakacheka. Avril akasoma. Alipofika kwenye mfua nguo na mpiga kengele watu waliinamisha vichwa kusikiliza, na kwenye radi wakacheka wenyewe, maana walikuwa wameshaelewa. Kisha akasoma habari ya ghala. Kicheko kikaisha. Vichwa vikageuka kwa Clive.

"Clive," sauti ikatoka nyuma, "si ndimo ulimoweka lile bafu la mapovu?"

"Basi jina tunalo," Hilary akasema. "Ghala la Thurtle. Kwenye kibao tunachora panya."

"Msifanye mchezo," Clive alisema. Shingo ilikuwa imemwiva. "Watu wanalala mle. Wanakuja na watoto."

"Na mimi nina wajukuu wanaopita njia hii kwenda shule," Avril akasema. "Ulijua?"

"Babu alitukataza kucheza upande ule wa ghala. Hakutuambia kwa nini."

Avril alimtazama. Lilikuwa jibu zuri. Lilikuwa zuri mno, nalo lilikuja haraka.

Hilary alikuwa ameshanyanyua mkono kuitisha kura, na ukweli ni kwamba Avril angeweza kukaa kimya pale akaenda zake nyumbani mshindi. Wengine wetu tungekaa.

"Sijamaliza," akasema, na akausoma ule mstari wa painti.

Minong'ono ikapita. Clive akainua kichwa. "Kwa hiyo alikunywa kwenu."

"Alikunywa kwetu, akalala kwenu. Waliomwona walikuwa na maiti mbele yao na hawakujua sumu ilitoka wapi. Sisi tunacho nini zaidi yao? Mnataka kutundika mtu, haya, tundikeni. Lakini mjue mnatundika kitu msichokijua."

Hilary akaitisha kura ya kubaki na mganda wa ngano. Mikono ikapanda karibu yote. Wa Clive ulikuwa wa kwanza, na Avril aliona jinsi ulivyopanda upesi.

Watu walipoanza kutawanyika Clive akamjia, kofia mkononi. "Ile karatasi, naomba niitunze. Ni habari ya kwetu pia."

"Chukua."

Akaikunja akaitia mfuko wa ndani. "Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo niliyokuja nayo," Avril akasema. Na hakusema uongo. Nakala moja Hilary alikuwa nayo tangu asubuhi, na nyingine ilikuwa njiani kwenda Leeds, kwa mwanawe.

Clive akatoka. Avril akasogea dirishani, akafuta kioo kwa mkono wa sweta. Kule nje palikuwa na pipa la takataka karibu na mahali pa kuegesha magari, naye alitaka kuona kama karatasi itatupwa humo. Clive alipita pipa. Akaingia garini, akawasha taa ya ndani, akaifungua karatasi, akaanza kusoma. Alisoma muda mrefu kuliko urefu wa karatasi yenyewe.

"Twende zetu, mama," Desmond alisema nyuma yake, koti ameshavaa.

"Ngoja kwanza. Bado hajawasha gari."