Majina Niliyoyataja Mbele ya Sheikh

Mchele ukiungua jikoni kwa jirani, watu wengine hukunja pua. Mimi huona ubao wangu wa kuandikia. Wino wetu pale Kindu ulitoka katika mchele: mama aliukaanga ukawa mweusi kama mkaa, akautwanga, akauchanganya na maji na utomvu wa mti, kisha akaukoroga mpaka ukawa mzito na wenye kung'aa. Kila konzi iliyoungua ilitoka katika chakula chake mwenyewe, lakini hilo sikuliona wakati ule. Niliona tu kwamba herufi zangu zilikuwa nyeusi kuliko za Salimu, nikajivuna.

Salimu alikuwa mwana wa Bwana, mfanyabiashara wa pembe kutoka pwani, mwenye boma tulilokaa kando ya Lualaba. Mama yangu alitwanga mpunga katika boma lile, na mimi nilizaliwa humo, bila baba wa kutajwa. Jina langu, Feruzi, nilipewa na Bwana mwenyewe, na kwa miaka yote ya chuo niliamini kwamba alinipa jina kwa kuwa alinipenda.

Chuo chetu cha Kurani kilikuwa baraza ya Mwalimu Hamadi. Mwalimu alikuwa mtu mfupi mwenye hasira fupi, na alisinzia tukisoma. Lakini ukikosea irabu moja, fimbo yake iliamka kabla ya yeye mwenyewe. Hapo ndipo Bwana alipokuja asubuhi moja, akasimama bila kuvua viatu, akasema msafara wa pembe ukirudi pwani utachukua kijana mmoja akasome Unguja. Sheikh mgeni aliyefuatana na msafara angetupima, kisha angechagua.

Mwalimu alitueleza habari za darasa hilo la Unguja, na siku hiyo hakusinzia. Lilikuwa msikitini, akasema, na mlango wake si wa tajiri wala wa ukoo fulani. Wanafunzi walikula na kulala kwa mali ya wakfu. Kilichotakiwa ni mtu awe amehifadhi, awe na mwandiko safi, na ajue kugawanya mirathi. Aliyetoka huko alirudi kadhi au mwalimu, na hakuna tena wa kumwambia: beba.

Neno hilo nililijua. Vijana wa boma walionitangulia kwa umri walikuwa wamekwisha kwenda na pembe mabegani, na mama zao walikuwa wameacha kuuliza watarudi lini. Mabega yangu yalikuwa yameanza kupanuka. Niliwahi kumwona msimamizi wa wapagazi akiyatazama kama mtu anavyotazama ndizi inayokaribia kuiva.

Basi nilisoma. Nilisoma nikiteka maji, nikipalilia, nikipepea moto. Mirathi tulijifunza kwa karanga: hili fungu la mjane, hili la binti, hili la ndugu wa marehemu. Salimu hakumaliza hesabu hata moja, kwa kuwa aliwala warithi wote.

"Weye Feruzi," alisema akitafuna, "marehemu wa leo njo mutamu sana!"

Nilicheka mpaka Mwalimu akatuchapa wote wawili. Nilimpenda Salimu. Lakini nilijua, na yeye alijua, kwamba Yasini yake iliishia katikati.

Kulikuwa na jambo jingine nililojiandaa nalo, ambalo hakuna mtu aliyeniagiza. Kila alipoanza somo, Mwalimu alitaja mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, mpaka majina yakapotea huko Arabuni. Nikaona watu wa pwani humheshimu mtu kwa urefu wa majina yaliyo nyuma yake. Mimi nilikuwa nayo! Mama, ambaye alizaliwa kwa Wakusu, upande wa Kibombo, akaletwa bomani baada ya kijiji chao kuchomwa, alikuwa amenifundisha baba zake tangu nijue kusema. Tukienda mtoni alitaja mmoja, nami nikataja anayefuata.

"Rudilia," aliniambia nikikosea. "Hawa njo bantu yako. Kama unawasahau, nani atawakumbuka?"

Salimu alijua baba na babu tu. Nikahesabu hapo pia nimemshinda.

Siku ya kupimwa, wanaume wa boma walijaa barazani, na wanawake wakasimama nje ya ua. Salimu alisoma akakwama, akasaidiwa, akakwama tena. Mimi nilisoma bila kukwama. Sheikh aliomba ubao wangu, akauinua kwenye mwanga, akasema, "Mwandiko huu ni mzuri." Akanipa marehemu mwenye wake wawili na binti watatu, nikamgawanya. Nilimwona Mwalimu akijizuia kutabasamu.

"Na jina lako?"

"Feruzi."

Baadhi ya watu walitazamana; lilikuwa jina wapewalo watumwa.

"Feruzi bin nani?"

Nikavuta pumzi nikaanza: bin Omana, bin Shungu, bin Ngongo, na kuendelea, polepole, kwa sauti ile ya kisomo niliyofundishwa, mpaka wa saba. Kicheko kilianzia kwa wapagazi, kikafika kwa Bwana. Sheikh hakucheka. Aliuweka ubao chini, taratibu, akaniuliza kwa upole, "Hao ni wa mama yako?" Nikasema ndiyo, kwa fahari, nisijue kwamba kwao anayehesabu nasaba kwa mama ni mtumwa asiye na baba. Akageuka kwa Bwana, akasema, "Nitamchukua mwanao."

Salimu alikwenda Unguja. Mimi msimu uliofuata nilibeba pembe.

Miaka mingi baadaye, watu wa pwani wakiwa wameshindwa vita na boma limekuwa majani, nilimkuta Mwalimu Hamadi, macho yamekwisha. Nilimuuliza kwa nini hakunionya. Alishtuka.

"Nilimwambia mama yako," akasema. "Nilimwambia wiki nzima kabla: mutoto aseme bin Abdallah, kama wasemavyo wote wasio na nasaba, basi. Sheikh hatauliza zaidi. Akaniitikia, ndiyo Mwalimu. Sasa hakukuambia?"

Hakuniambia. Mama alikuwa ameshafariki, na nilimkasirikia katika kaburi lake kama nisivyowahi kumkasirikia Bwana. Hasira hiyo haijaisha yote. Lakini siku ile nilipokuwa nikitaja majina, nilimwona nje ya ua, midomo yake ikienda pamoja na yangu, na nilidhani ananiombea nifaulu. Leo najua alikuwa anasikiliza. Baba zake walikuwa wanatajwa kwa sauti, mmoja mmoja, mbele ya watu waliokichoma kijiji chao, na watu wale walilazimika kukaa kimya mpaka wa saba. Hilo alilitaka kuliko Unguja. Alililipia kwa nafasi yangu darasani, na hakuniuliza.