Kiu ya Yakubu

Infirmier Félicien, muuguzi wa mtaa wetu, alimpa mama yangu sababu tatu za kuacha sucré: macho, figo na miguu. Alizieleza taratibu, akimwonyesha picha ya mguu uliokatwa, picha mbaya iliyobandikwa kwenye ukuta wa dispensaire. Mama alisikiliza, mkoba mapajani, hakukatiza neno. Alipomaliza, mama akauliza:

“Na Yakubu, jirani yetu, naye iko na hii ugonjwa ya sukari?”

Félicien akasema siri ya mgonjwa haitolewi. Lakini alipokuwa akisema hivyo alitazama pembeni, na mama akajua.

“Alors, nikiacha sucré, nitamupita?”

“Utamupita namna gani, mama Zaina?”

“Kuishi. Yeye afe, mi nibaki.”

Félicien alidhani ni mzaha. Akacheka. “Ukiacha kweli kweli, mama, utatuzika sisi wote.”

“Ninyi hapana. Yeye tu.”

Huo ulikuwa mwaka wa 1991. Kuanzia siku ile mama hakutia sucré mdomoni. Watu wa mtaa wakasema Zaina ameogopa kukatwa mguu. Weee! Mama yangu aogope? Hao hawakumjua. Alituambia nyumbani, mchana kweupe: “Nitakunywa moja tu, siku ya matanga yake.”

Kwetu Kisangani sucré ni kinywaji cha chupa, kile cha rangi na gesi, utamu mtupu. Mgeni akija, sucré. Arusi, sucré. Matanga, sucré. Na sisi Waislamu tusiogusa pombe ndio zaidi. Mama aliipenda kuliko watu wote niliowahi kuwaona, na alikuwa na haki, maana chupa yake ya kwanza alinunuliwa na baba.

Ilikuwa siku ya Dipanda, siku ya uhuru wetu, mwaka wa 1960. Baba yangu, Waziri, alikuwa mshonaji wa kanzu. Alimchukua bibi arusi wake hadi Makiso, mtaa wa wazungu, kwenye duka moja ambalo mtu mweusi alikuwa akinunulia dirishani, amesimama juani. Siku hiyo baba aliingia ndani, akamvutia mama kiti, akaagiza sucré ya rangi ya chungwa. Mama akanywa haraka, gesi ikampanda puani, akacheua mbele za watu. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. “Kunywa, Zaina,” akamwambia. “Hii ndiyo Dipanda.”

Miaka minne baadaye mimi nilikuwa tumboni, mimba ya miezi mitano. Baba na Yakubu walikuwa wakishonea kwenye baraza moja, mashine mbili zimetazamana. Baba alishona kanzu, kofia na nguo za wasichana wa shule. Yakubu alishona suruali za askari. Zililetwa kutoka kambini zimekatwa tayari, akazilundika nyuma ya kiti chake. Jeshi lile lilikuwa limepiga na kufunga watu wengi wa mtaa wetu, kwa hiyo aliyelivisha alihesabiwa msaliti. Mwezi wa nane Wasimba, waasi wa wakati ule, wakauteka mji, askari wakakimbia. Na Yakubu, jamani, alikuwa amekwisha kuzificha suruali zake chini ya kitanda tangu alfajiri.

Adhuhuri moja lori likasimama mbele ya baraza. Vijana wa Simba wakashuka na silaha. “Nani hapa alikuwa anashona suruali za basoldats?”

Yakubu alikuwa ameketi, chupa ya sucré mkononi, nusu imekwisha. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Yakubu hakutoa neno. Alinyoosha mkono wenye chupa, na mdomo wa chupa ukamwelekea baba usoni. Kisha akaurudisha mkono wake, akanywa, akamaliza. Hapo ndipo mama alipokuwa akikasirika kupita kiasi kila aliposimulia: kwamba aliimaliza. Baba alisema, “Mi nashona kanzu, angalieni mashine yangu.” Nani aliangalia? Walimpandisha kwenye lori na lile lori halikurudi. Kaburi lake hatulijui hadi leo.

Kisha askari wakarudi na wazungu wao wa kukodi, sasa wakiwasaka waliowasaidia Wasimba. Mmoja alisimama mlangoni petu akamwuliza mama nani katika avenue hii aliuza watu. Yakubu alikuwa nyuma ya pazia lake. Mama aliuona mguu wake chini ya kitambaa. Neno moja tu lingetosha.

“Sijui, chef,” mama akasema.

Nilipokuwa msichana nilimgombeza kwa hilo. Nilimwambia, mama, ulikuwa naye mkononi! Akanijibu kwamba maiti hasemi. Alitaka Yakubu aseme mwenyewe, mbele ya watu, nani alikuwa mshonaji wa askari. Maana yule mshenzi hakutosheka na kumtoa baba. Alikuwa amelisambaza jina: Waziri ndiye aliyewavisha askari, Waziri alijitakia. Nilizaliwa mwezi wa kumi na mbili nikalikuta jina linaningoja. Shuleni, kisimani, hata siku ya arusi yangu, nilikuwa mtoto wa mshonaji wa basoldats.

Mama alikaa kwenye mashine ya baba akajifunza kushona kwa kuharibu vitambaa, na baadaye akanifunza nami. Ndani ya miaka mitatu alikuwa amewachukua wateja wa Yakubu mmoja mmoja. Alishona mlango wazi ili Yakubu awaone wakipita na mafurushi yao. Mwishowe Yakubu akauza mashine akafungua depot ya sucré, ukuta wetu na ukuta wake ni mmoja. Mama hakununua kwake. Alitembea hadi mtaa wa pili, juani, kutafuta zake, na alikunywa mbili kwa siku: moja asubuhi na mikate ya mafuta, nyingine alasiri kwenye mashine. Miaka na miaka. Hadi ikaja ile kiu isiyoisha, kutoka uani mara kumi, na kidonda cha kidole kilichokataa kupona, ndipo nikampeleka kwa Félicien.

Kuacha kulimtesa, nisiseme uongo. Wiki ya kwanza kichwa kilimwuma, akagombana na kila mtu, hata na kuku. Siku moja nilimkuta jikoni amefumba macho, chupa tupu puani, anainusa. Nikarudi nyuma polepole asinione. Badala ya sucré alianza kuchemsha maji na majani ya sinda, yale yanayonukia ndimu, bila sukari hata chembe. Nilionja nikakunja uso.

“Mama, hii iko chungu.”

“Chungu ni Yakubu,” akasema, akanywa kikombe chote.

Yakubu alisikia kwamba mama anaumwa. Idi iliyofuata alituma kreti nzima ya sucré, chupa ishirini na nne, na salamu za ujirani mwema. Wako waliosema anatafuta amani. Amani gani? Mtu anajua sukari inakuua, anakuletea sukari! Mama alilipandisha kreti juu ya baiskeli ya toleka, zile teksi za mji wetu, likarudi jinsi lilivyokuja, hata chupa moja haikufunguliwa. Idi nyingine likaja tena, likarudi tena. Na kwa kuwa Yakubu alikuwa bahili asiyeweza kuona kitu kinakaa bure, alizinywa mwenyewe, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Alasiri tulisikia vizibo vikifunguka ng'ambo ya ukuta. Pa! Baada ya muda, pa! Mama alikuwa akisimamisha mashine ili asikie vizuri.

“Anachimba,” alisema, na mithali tuliijua sote wawili: mchimba kisima huingia mwenyewe. Uso wake siku hizo ulikuwa mzuri kweli.

Tukafika mwaka wa 2000. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na majeshi mawili ya kigeni yaliyokuja kuwasaidia waasi yakageuziana mizinga humu humu mjini mwetu. Siku sita. Mabomba yakakauka siku ya kwanza. Mimi na mama tulilala sakafuni koridoni, na mapipa mawili ya maji, kwa sababu tangu aingie katika sinda zake mama alikuwa haachi kuweka maji yaliyochemshwa. Ng'ambo ya ukuta Yakubu alikuwa peke yake, mkewe amekufa, watoto wako Kinshasa. Maji hakuwa nayo. Sucré alikuwa nazo hadi darini.

Siku ya pili, mchana, mizinga ilipopumzika kidogo, tukasikia sauti.

“Zaina! Mama Fatouma! Munisaidie maji.”

Fatouma ndiye mimi. Mama akasogea ukutani. “Unywe sucré.”

“Inaniongezea kiu.”

“Najua.”

“Zaina, nakufa.”

“Sema kwanza,” mama akamwambia. “Sema nani alikuwa mushonaji wa basoldats, kwa nguvu, majirani wasikie.”

Halafu tukasikia, pa!

Mimi nilifurahi. Mnitazame mnavyotaka, nilifurahi. Nilikuwa nimeisubiri kiu ile tangu tumboni.

Siku ya tatu sauti yake ilikuwa imekauka, maneno hayatoki vizuri. Aliita jina la mama, kisha akaita jina la mkewe aliyekufa. Hapo furaha ikanitoka. Mikono yangu yenyewe ilichukua kikombe ikachota maji. Mama akanishika kifundo cha mkono.

“Baba yako alisema ‘angalieni.’ Watu waliangalia?”

Nikakirudisha kikombe. Nilimchukia Yakubu, na kwa mara ya kwanza nilimwogopa mama yangu. Siku ya nne vizibo vikaendelea. Siku ya tano viliacha kabisa, na mama akakaa ameegemea ukuta ule mchana kutwa, sikio limegusa tofali. Niliona anaomba. Nikamwuliza anaomba nini. “Asife bado,” akasema.

Siku ya sita bunduki zikanyamaza. Watu walitoka kutazama mapaa yao na kutafuta watu wao, avenue ikajaa. Ndipo Yakubu akatokea. Alikuja akijishika ukutani, kitenge kiunoni, midomo imepasuka, mkononi chupa tupu ya sucré aliyoileta ijazwe maji. Kutoka mlangoni pake hadi petu ni hatua ishirini. Alizitembea kwa muda ambao mtu angesali. Akafika kwenye baraza ya baba, akasimama. Mama alikuwa mlangoni, pale pale alipokuwa mwaka wa 1964, na ndoo ya maji miguuni.

“Maji,” Yakubu akasema.

“Onyesha,” mama akasema. “Nani alikuwa anashona suruali za basoldats? Siku ile haukuongea. Bon, hata leo usiongee. Onyesha tu.”

Watu wakasimama. Vijana hawakuelewa. Wazee walielewa, na mzee Daudi, aliyekuwa akiuza samaki ng'ambo ya barabara siku ile ya lori, akavua kofia yake.

Yakubu aliitazama ndoo. Akamtazama mama, na mama hakusogea. Mkono wake ukaanza kupanda, chupa ikazunguka hewani kana kwamba inatafuta mtu kati yetu. Nilishika nguzo ya baraza. Kisha akaigeuza, hadi mdomo wa chupa ukagusa kifua chake mwenyewe. Tone la sucré lililobaki ndani likamwagikia tumboni.

“Mumeona?” mama akauliza.

“Tumeona,” mzee Daudi akasema. “Alikuwa yeye. Waziri alikuwa anashona kanzu.”

Mama akaichukua ile chupa mkononi mwa Yakubu, akaisuuza, akaijaza maji, akamnywesha mwenyewe. Akaijaza tena. Mara nne. Kisha akaita toleka wampeleke kwa Félicien, na akamlipia. Yakubu aliishi siku tisa.

Kwenye matanga yake waligawa sucré za depot yake mwenyewe. Msichana mmoja alifungua ya rangi ya chungwa, akaiweka mbele ya mama. Watu wote wakageuka, kwa maana mtaa mzima ulijua ile ahadi ya miaka tisa. Mama aliishika. Akaisogeza hadi puani, akanusa kidogo, macho yakamjaa machozi, akairudisha mezani.

“Zaina,” mzee Daudi akamwuliza, “ulimusamehe?”

“Nilimupa maji,” mama akasema. “Yeye alikuwa ananiletea sucré.”

Akaomba maji, akaletewa. Mimi nilitoka nje kupata hewa. Mlangoni alikuwa mtu mzima mmoja na kitambaa cheupe cha kanzu kwapani; alinitazama sana, kisha akanikaribia.

“Samahani, dada. Si wewe mutoto wa Waziri, ule mushonaji wa kanzu?”

Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, na hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nikamwambia ndiyo, ndiye mimi, alete kitambaa nimpime.