Mashuka ya Wageni

Mama Dobi alikuwa amekabwa na hasira tangu asubuhi, na haki yake. Miaka kumi na tisa anafua nguo za hospitali ile, damu na usaha vyote vimepita mikononi mwake, lakini yale mashuka kumi na mawili meupe ya wodi ya wanawake hajawahi kuyafua kwa sababu mgonjwa kayachafua. Anayafua kwa sababu ya vumbi la kabati! Eti ni ya wageni. Wakaguzi wakija yanatandikwa. Gari lao likiondoka tu yanakunjwa, na wagonjwa wanarudi kulalia godoro la plastiki.

Safari hii kitanda cha nne kililaliwa na mdogo wake wa tumbo moja. Maji ya moto yalikuwa yamemchuna mbele na nyuma, na kila akigeuzwa, ngozi changa inabaki kwenye plastiki. Siku hiyo, juu ya shuka la wageni, alipata usingizi kwa mara ya kwanza baada ya siku sita. Wakaguzi wakasifu usafi, wakaenda zao.

"Mama Dobi, kusanya," muuguzi mkuu akasema.

"Sista, huyu ndiyo kwanza kalala. Niachie hili moja."

"Yakichafuka, mwezi ujao nitawaonyesha nini? Atakayebanwa ni mimi."

"Mdogo wangu anachunika, Sista."

"Hata mimi naumia. Kusanya."

Anaumia! Anaumia wapi, na mgongo wake mzima? Mama Dobi alimwinua mdogo wake, aliyekuwa akigumia, "Dada, taratibu," akabeba mashuka yote mpaka chumba cha kufulia. Alilia kwa uchungu, kisha akamimina kwenye karai chupa nzima ya dawa ya zambarau, ile ya kupaka vidonda. Dobi yeyote anajua dawa hiyo haitoki, hata ufikiche mpaka vidole vichubuke. Alichovya kila shuka katikati, akachemsha, akasuuza, akaanika. Yalikuwa safi kabisa, na kila moja lina doa la ukubwa wa sinia.

Jioni muuguzi mkuu alisimama mbele ya kamba, kaduwaa.

"Umefanya nini wewe? Haya sasa nitamwonyesha nani?"

"Humwonyeshi mtu, Sista." Mama Dobi alikuwa anaanua shuka la kwanza. "Barua ya kunifukuza kaandike. Nitaisoma nikishamtandikia mdogo wangu."