Mshono Uliosimama

Magazeti yameandika mengi kuhusu Munesh wetu, na nusu yake wameyatunga. Wanasema alizaliwa na kipaji. Kipaji gani? Alizaliwa na miguu mirefu na masikio yasiyosikia la mkubwa. Mengine yote aliyapata humu ndani, katika chumba hiki cha Meerut chenye harufu ya ngozi na nta, nami nilikuwapo. Mimi ni Angoori, shangazi yake. Nilirudi kwa kaka yangu nilipofiwa na mume, na tangu siku hiyo nimekaa sakafuni bega kwa bega na wifi yangu Omwati, mama yake Munesh. Kila mmoja na jiliwa lake la mbao lililobana mpira kati ya magoti, shazia mbili, zile sindano nene, mkononi, tunashona mipira ya kriketi.

Ni kazi ya mtaa mzima. Mjini hapa wako watu ambao mpaka leo hawanywi maji kutoka mikononi mwa watu wa ngozi, sisi tunaohesabiwa najisi kwa kushika ngozi za wanyama, lakini mipira yetu wanaipokea kwa mikono miwili. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Vyetu tulivivika vipande vya tyubu ya baiskeli ili uzi usitukate.

Omwati ana mkono wa malkia. Mshono wake umelala, umenyooka, ukiupitishia kidole hukwami popote. Mimi nashona kwa hasira. Kila uzi nauvuta mara mbili, na ule wa mwisho nauvuta mpaka meno yananiuma, kwa hiyo mshono wangu husimama. Satpal, wakala anayetuletea ngozi na kuchukua mipira, hajawahi kuupenda.

“Dada Angoori, huu ni mshono au kilemba cha jogoo?”

“Kama huutaki, uache hapo. Tuone nani atakushonea.”

Mingi aliichukua akinung'unika, michache aliirudisha. Hiyo iliyorudishwa nilikuwa naificha chini ya kitanda, na Munesh alikuwa anaiiba. Tangu ana miaka tisa alikuwa akiurushia ukuta wa jirani kila asubuhi, mpaka ukuta ukabanduka chokaa. Nilimkataza, sitaficha hilo.

“We mtoto, utaota mabega ya mpiga mieleka. Nani atakuoa?”

“Anayeogopa mabega wa nini, shangazi?”

Nilimrushia kandambili. Akaidaka.

Akiwa na miaka kumi na tano timu ya wilaya ilimchukua, kumi na saba jimbo, na kumi na tisa akavaa jezi ya India. Siku ile Omwati aligawa gajak, vile vitamutamu vya ufuta, nyumba kwa nyumba, hata kwa jirani mwenye ukuta. Basi, tukadhani tumefika. Baada ya mechi tatu, mfupa wa mgongo ukapata ufa. Daktari akamwambia asirushe hata jiwe. Miaka miwili ilipita, simu zikaacha kulia, na mtoto aliyekuwa akiingia kwenye televisheni akaketi nasi sakafuni kwenye jiliwa la tatu. Mishono yake ilikuwa kama meno ya kizee.

“Sasa huyu ni wenu,” Satpal alisema. “Jiliwa la tatu limepata mwenyewe.”

Hakusema kwa ubaya. Lakini Munesh siku ile hakula.

Mgongo ulipopona alianza upya, taratibu, kwenye ukuta uleule. Akarudi kuchezea jimbo, na alipofika miaka ishirini na nne akaitwa. Mrushaji mmoja wa India alikuwa ameugua, na kulikuwa na mechi kubwa ya siku nne Mumbai. Walimwambia wazi kwamba ni mechi hiyo moja. Akishindwa, kuna wasichana wadogo kumi wanaosubiri nafasi yake.

Aliinama akatugusa miguu kuaga. Nilitaka kumtia moyo, lakini ulimi wangu ndivyo ulivyo.

“Ukirudi mikono mitupu,” nikamwambia, “jiliwa lako liko palepale.”

Alinitazama tu. Bajaji haijakata hata kona, nilikuwa nimeshajuta. Niliwaza, Angoori, mtoto huyu akishindwa, maneno ya mwisho aliyoyasikia nyumbani ni yako.

Siku ya kwanza alirusha kutwa nzima na hakumtoa mpigaji hata mmoja. Mpira ulitua, ukaenda moja kwa moja, na wapigaji wa timu ya wageni wakaupiga walivyotaka. Omwati alishona akiwa ameipa televisheni mgongo. Satpal alipopita, aliacha ngozi ya kushonwa na watu watatu, kana kwamba Munesh amesharudi. Ningekuwa na kandambili karibu, asingeidaka.

Siku ya mwisho wageni walihitaji mbio mia na arobaini tu washinde. Timu yetu ilipotoka na mpira mpya, nilimwona Munesh akiugeuza mkononi, kidole gumba juu ya mshono, akicheka peke yake. Akakimbia, akarusha. Mpira ulitua juu ya mshono, ukaruka kuingia ndani, na vijiti vya nyuma ya mpigaji vikalala. Wa pili hivyohivyo. Alipomtoa wa nne, Omwati aligeuka na kuweka shazia chini. Aliwatoa sita, tukashinda. Nililia bila kujifunika uso, na jirani mwenye ukuta alilia kunizidi. Yule ni wetu, damu ya watu wa ngozi, na nchi nzima ilikuwa imesimama kwa ajili yake.

Alirudi nyumbani na waandishi nyuma yake na ule mpira mfukoni, kwani mrushaji akitoa watano au zaidi huachiwa mpira. Chumba kilijaa mpaka mlangoni.

“Mpira wa kwanza alichagua nahodha,” alisimulia, “mzuri, laini, mshono umelala, kwa hiyo haukupinda. Haukunisaidia kitu. Safari hii nikaomba nichague mwenyewe. Mwamuzi akafungua sanduku, mipira sita. Nikafumba macho, nikapapasa. Nilipoufikia huu, kidole kilikwama.”

“Mpira wa mama!” akasema mwandishi mmoja, na wenzake wakaandika hivyo.

Munesh alipiga magoti. Aliuweka kwenye mapaja ya Omwati. Wifi yangu aliugeuza, akaupitishia kidole mara moja tu, akanisukumia.

“Wangu umelala. Huu una hasira, wifi. Huu wako.”

“Acha maskhara. Mipira hii inatoka nyumba mia.”

“Nyumba mia, lakini mwenye kichaa ni mmoja.”

Watu wakacheka. Nilitafuta uzi wa mwisho kwa ukucha. Ulikuwa umevutwa mara mbili, umekaza kama msumari. Nilinyanyua macho, nikamwona Munesh ananitazama kama alivyonitazama siku ya bajaji.

“Sikurudi mikono mitupu, shangazi,” akasema.

Nilimshika yale mabega ya mpiga mieleka, nikayavuta kwangu mara mbili, kama uzi.

Kesho yake Satpal alikuja na gunia. Akaokota mpira wangu, akaubonyeza mshono kwa kidole kama kawaida yake, akafungua mdomo. Kisha akauona ule wa Mumbai rafuni, juu ya televisheni. Akaufunga mdomo, akautia mpira guniani pole pole, akauliza kama nina mingine.