Mtani wa Mpishi

Siku ya kwanza ya kazi nilishuka garimoshi Tabora nikiwa na sanduku la bati na ngoma moja ya kwetu Tura, niliyoifunga kwa kanga yangu isiingie vumbi. Mkuu wa Chuo aliitazama ile ngoma kuliko alivyonitazama mimi. Alikuwa mtu wa milimani huko kaskazini, mpole wa sauti, mgumu wa maamuzi.

"Ndugu Mwalimu," alisema, "hapa tunafundisha walimu wa taifa. Ngoma iwe burudani ya Jumamosi. Jukwaani nataka Kiswahili fasaha."

"Sawa, Ndugu Mkuu," nikajibu. Ningesema nini, nami bado sijapewa hata ufunguo wa chumba?

Sanaa za maonyesho lilikuwa somo jipya miaka ile ya Ujamaa. Tuliwafundisha walimu wanafunzi kuvuta pumzi ya tumboni ili sauti ifike viti vya nyuma, na kushona maleba, yaani mavazi ya mchezo, kwa magunia ya karanga. Gari la sinema likija vijijini, na picha ikikatika sauti kama ilivyokuwa desturi yake, mwanafunzi alishika bomba la bati la kupazia sauti akawaeleza wanakijiji yanayotokea kwenye kitambaa.

Lakini kwa amri ya Mkuu, nafasi zote za kusema zilikwenda kwa wenye ulimi laini wa mjini. Vijana wa Nzega na Igunga walibeba viti. Mabinti wa Ng'ambo, mtaa wa hapo Tabora, ambao wazazi wao hawakutaka wasimame mbele ya wanaume, walishona tu. Na mtihani ulitaka kila mtu aseme jukwaani, asiyesema hafaulu. Unamnyima mtu jembe, halafu unamuuliza shamba liko wapi. Jambo hilo lilinikera sana.

Aliyeniuma moyo zaidi ni Yohana, Mgogo pekee chuoni. Kila akifungua kinywa wenzake walicheka matamshi yake, naye akakifunga. Mtihani ulikuwa umekaribia, na sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi darasani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumsemesha: mpishi wetu, Mzee Shabani, Mnyamwezi wa Ng'ambo. "Mla mlenda umeamka?" alikuwa akimuuliza kila asubuhi. Yohana alijibu, "Nimeamka, punda wa mizigo." Wote wawili wakacheka. Babu zetu Wanyamwezi walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani walipita Ugogo, wakagombania maji, wakapatana, na tangu hapo sisi na wao ni watani. Mtani hukutukana usikasirike, na kwenye msiba wako ana kazi yake.

Mzee Shabani akafariki ghafla. Tulikwenda Ng'ambo chuo kizima. Jeneza lilipotaka kutoka, Yohana akatokea uani amevaa aproni ya marehemu, mwiko mkononi, akalala kifudifudi mlangoni.

"Haendi mtu," alisema. "Huyu kanilisha maharage yenye mawe mpaka meno yameisha. Nani atanilipa meno yangu?"

Kisha akainuka, akatembea kwa kuchechemea kama mzee mwenyewe, akaonja mchuzi wa hewani huku amefumba macho. "Bado kidogo, wanangu. Njaa ya leo haiui." Ilikuwa sauti ya Mzee Shabani hasa, nayo ilifika ng'ambo ya barabara. Wanawake waliokuwa wakilia wakacheka na machozi yao. Wafiwa wakampa kuku, akaachia njia, akawa wa kwanza kulitia bega jeneza. Nilisimama pale nikiwaza kwamba kijana huyu anaujua ufundi ambao mimi ninaufundisha kwa chaki.

Mkuu wa Chuo aliona vingine. Kesho yake aliniita.

"Amemdhihaki maiti. Anaondoka na treni ya leo."

Nikamweleza utani. Akatikisa kichwa. "Ukabila tumeuzika, Ndugu Mwalimu. Mbona unaufukua?"

"Ndugu Mkuu, mkabila angemfukuza Mgogo msibani. Hawa wamempa kuku."

"Kwetu angepigwa," alisema, akafungua faili jingine. Nilitoka. Bwenini Yohana alikuwa akifunga godoro lake.

Kabla ya adhuhuri alifika Bi Mwajuma, dada wa marehemu, aproni ya kaka yake mkononi. Nilimpeleka ofisini mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Mkuu alisema akisimama.

"Marahaba, baba. Nasikia mnamfukuza mtani wetu. Matanga hayajaanuliwa. Akiondoka, nani atatuvunjia huu msiba?"

"Mama, hakuwakosea?"

"Angekaa kimya ndiyo angetukosea."

Mkuu aliitazama ile aproni. "Basi abaki," alisema. Aliponigeukia, uso wake ulikuwa umelegea. "Yule bubu wa darasani kwako ndiye yule yule wa jana?"

"Ndiye. Mtihani wetu ndio unaomfanya bubu."

"Basi utengeneze upya. Nitakuja kuona."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha. Mtihani ule kila mmoja alisimama na alichonacho. Kijana wa Igunga aliongoza wimbo kama manju, yule mtunzi na kiongozi wa ngoma. Mabinti wa Ng'ambo waliigiza ukumbini mbele ya wanawake peke yao, nami, mwanamke mwenzao, nikawasahihisha. Sijapata kuona vichekesho vile. Yohana alishika bomba la bati katika kijiji karibu na Kaliua, na picha ilipokwisha wanakijiji walizuia gari lisiondoke.

Nilihudumu chini ya wakuu wengine baadaye, wakali na wazembe, lakini mtihani ule haukurudi ulivyokuwa. Siku ya kuniaga nilipostaafu, Yohana, sasa mkaguzi wa shule mwenye mvi, alipanda jukwaani na miwani puani na ngoma kwapani, akatembea kama ninavyotembea mimi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

"Siku yangu ikifika, utakuja?" nilimuuliza.

"Nitalala mlangoni, punda wa mizigo. Na kuku mmoja hatoshi."

Tangu hapo moyo wangu umetulia. Wanangu nimewaambia wafuge kuku wengi.